Mashine, Karatasi na Haki ya Aliyeshindwa



Mwezi Machi 2013, pale Bomas of Kenya, skrini kubwa ilikuwa ikionyesha matokeo ya urais kadiri yalivyoingia kutoka vituoni kwa njia ya simu. Kura zilizokataliwa zilipanda hadi zikapita 300,000. Nchi nzima ikaanza kubishana: je, kura hizo zihesabiwe katika kutafuta ile nusu na moja ya ushindi, au zitupwe? Baadaye tume ya uchaguzi ikaeleza kwamba programu ilikuwa na hitilafu, kila kura iliyokataliwa ilikuwa ikizidishwa mara nane. Fomu za karatasi zilipojumlishwa kwa mkono, kura zilizokataliwa zikawa 108,975.

Miaka kumi kabla yake, tarehe 18 Mei 2003, huko Schaerbeek katika jiji la Brussels, kompyuta ilimpa mgombea mmoja wa chama kidogo kura 4,096 zaidi ya alizopigiwa. Kosa liligunduliwa kwa sababu kura zake zilizidi zile ambazo orodha ya chama chake ingeweza kupata. Wanaojua hesabu za kompyuta wataitambua namba hiyo: ni 2 kwa kipeo cha 12. Tarakimu moja tu ndani ya kumbukumbu ya mashine ilikuwa imegeuka kutoka sifuri kuwa moja.

Makosa haya mawili yalijifichua yenyewe kwa kuwa yalikuwa makubwa kupita akili. Linaloninyima usingizi mimi ni kosa la kadiri, lile linaloingia ndani ya namba zinazoaminika. Kura 4,096 wangepewa watu wa chama kikubwa pale Schaerbeek, nani angeshtuka?

Kwa hiyo nitausema mapema msimamo wangu. Mfumo wa kura hupimwa kwa aliyeshindwa. Mshindi hahitaji kuthibitishiwa chochote. Tuna msemo tunaopenda kuwarushia waliobwagwa, kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Ni kweli, ila anayetakiwa kukubali lazima kwanza aonyeshwe hesabu. Akina mama wa chama cha kuweka akiba wanapokutana Jumapili, pesa huwekwa mezani zikahesabiwa mbele ya wote, hata kama mweka hazina ni mcha Mungu ambaye hakuna anayemtilia shaka. Mashine ya uchaguzi inayoniruhusu kuhesabu namna hiyo naikaribisha. Inayoniambia nimwamini mtaalamu naikataa, hata kama mtaalamu huyo ni mwaminifu.

Sasa, tunapotaja uchaguzi wa kielektroniki huwa tunachanganya kazi tatu tofauti: kumtambua mpiga kura, kupiga na kuhesabu kura zenyewe, na kusafirisha matokeo kutoka kituoni. Kenya imekabidhi mashine kazi ya kwanza na ya tatu, na ya pili tumeiacha kwenye karatasi, kalamu na sanduku. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo imeingiza mashine kwenye ile ya pili, ndani ya chumba cha kupigia kura. Brazil imezipa mashine karibu zote. Hoja inayofaa kwa kazi moja haifai kwa nyingine, na mijadala yetu mingi ya redioni huharibikia hapo.

Mtu asiniambie kwamba karatasi haina lawama. Uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ulikuwa wa karatasi mwanzo hadi mwisho. Daftari la wapiga kura lilijaa majina ya marehemu, viko vituo ambako karibu kila aliyeandikishwa alionekana kupiga kura, na fomu zilifika Nairobi zikiwa na namba tofauti na zilizotangazwa mashinani. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika ghasia zilizofuata. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler kutoka Afrika Kusini ilichunguza, ikasema kwamba uchaguzi uliharibiwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Ni tume hiyo iliyopendekeza tutumie teknolojia. Mashine zetu zilizaliwa na msiba, na anayezipinga zote kwa pamoja anapaswa kutuambia angefanya nini na daftari lile la wafu.

Faida kubwa zaidi ninayoijua ya mashine ya kupigia kura iko Brazil. Kabla ya 1996 mpiga kura wa huko alipewa karatasi, akatakiwa kuandika jina au namba ya mgombea wake. Asiyejua kusoma na kuandika alikuwa akiharibu kura bila kukusudia. Mashine ikaja na vitufe kama vya simu: unabonyeza namba, picha ya mgombea inatokea, unathibitisha. Katika uchaguzi wa 1998 mashine zilipelekwa kwenye miji yenye wapiga kura zaidi ya 40,500 pekee; iliyokuwa chini ya hapo ikaendelea na karatasi. Mpaka huo ulimpa mchumi Thomas Fujiwara nafasi ya kulinganisha miji iliyokuwa sawa kwa mengine yote. Alichokuta ni kwamba kura halali ziliongezeka kwa zaidi ya asilimia 10, hasa miongoni mwa watu wasio na elimu. Kisha bajeti za majimbo zikaelekea kwenye afya, akina mama wajawazito wakahudhuria kliniki zaidi, na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo wakapungua. Kifaa kiliwapa sauti maskini waliokuwa nayo katika sheria tu, na wanasiasa wakaisikia. Sijawahi kusoma utetezi wa teknolojia ya uchaguzi ulionigusa kuliko huo.

Lakini tuulize kama dawa ya Brazil inatibu ugonjwa wetu. Karatasi ya kura ya Kenya ina picha ya mgombea, jina lake na alama ya chama, na ya Tanzania vilevile ina picha. Mpiga kura anaweka alama tu. Mwaka 2022 kura za urais zilizokataliwa Kenya zilikuwa 113,614 kati ya zaidi ya milioni 14, yaani chini ya asilimia moja. Kilio ambacho mashine ilikiondoa Brazil, sisi tulishakipunguza kwa wino na picha. Anayetaka kutuuzia mashine za kupigia kura atafute sababu nyingine.

Kongo walikuwa na sababu. Mwaka 2011 karatasi ya wabunge Kinshasa ilikuwa kitabu cha kurasa nyingi. Mwaka 2018 wagombea wa bunge la taifa walizidi 15,000 kwa viti 500. Kuchapa na kusambaza makaratasi hayo katika nchi yenye mito mingi kuliko barabara ni kazi ya kuvunja mgongo, na ndipo tume ya uchaguzi, CENI, chini ya Corneille Nangaa, ikaagiza mashine zaidi ya 100,000 kutoka Korea Kusini. Mpiga kura aligusa picha kwenye skrini, mashine ikachapa chaguo lake kwenye karatasi, naye akaisoma, akaikunja na kuitumbukiza sandukuni. Ilikubaliwa kwamba kura zitakazohesabika kisheria ni zile za karatasi, zihesabiwe kwa mkono.

Kwa jinsi ulivyoundwa, mpango huo ulikuwa mzuri, nami nasema hivyo nikijua kwamba wapinzani waliiita mashine ya kuiba. Ulikuwa na kile ninachodai, karatasi ambayo mpiga kura ameiona kwa macho yake. Lakini tarehe 13 Desemba moto ukateketeza ghala la tume Kinshasa pamoja na maelfu ya mashine, na kura ikaahirishwa hadi tarehe 30. Watu wa Beni na Butembo wakaambiwa watapiga kura Machi 2019, kwa sababu ya Ebola na usalama, ilhali rais angeapishwa Januari. Huko Beni watu hawakukubali kukaa. Siku ya kura walipanga foleni wenyewe, kwa karatasi zao wenyewe, wakapiga kura ambayo walijua haitahesabiwa na tume.

Matokeo yalipotoka, Félix Tshisekedi alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57 na Martin Fayulu akapewa karibu 35. Kanisa Katoliki, lililokuwa na waangalizi takriban 40,000, likasema kwamba hesabu liliyoikusanya haiafikiani na iliyotangazwa. Fayulu akaenda Mahakama ya Katiba kuomba kura zihesabiwe upya. Mahakama ikakataa. Nayo tume haikuchapisha matokeo ya kila kituo, ambayo yangemwezesha raia wa Goma au Lubumbashi kulinganisha namba alizozisikia zikisomwa kituoni kwake na zilizoingia katika jumla. Karatasi zilikuwepo, masandukuni, kutoka mpaka wa Rwanda hadi bahari ya Atlantiki. Tukiilaumu mashine kwa yaliyotokea 2018 tutakuwa tumewasamehe watu. Swali la nani alishinda lingeweza kujibiwa kwa kuhesabu, na waliokuwa na mamlaka ya kuamuru kuhesabu hawakuamuru.

Uchaguzi wa Kongo wa Desemba 2023 ukaonyesha hatari nyingine, na hii ni ya mashine kweli. Mashine inayochapa kura ni kiwanda cha kura. Mtu akiwa nayo nyumbani, ana kituo nyumbani. Januari 2024 CENI, safari hii chini ya Denis Kadima, ilifuta kura za wagombea 82, na miongoni mwa tuhuma ilikuwa kumiliki mashine za kupigia kura kinyume cha sheria. Wizi wa sanduku unahitaji vijana na lori. Wizi wa kifaa kinachobebeka unahitaji tu karani mmoja aliyekubali.

Ujerumani waliliangalia swali la nani anaweza kuikagua mashine kwa namna ambayo ningependa wanasheria wetu waisome. Katika uchaguzi wa 2005 baadhi ya vituo vilitumia mashine zilizohifadhi kura katika kumbukumbu ya kielektroniki bila karatasi. Raia wawili, baba na mwanawe, wakashtaki. Tarehe 3 Machi 2009 Mahakama ya Katiba ya Karlsruhe ikaamua kwamba matumizi hayo yalivunja katiba. Haikusema kura ziliibwa, maana hapakuwa na ushahidi wa wizi. Ilisema kwamba uchaguzi ni jambo la hadharani, na kwamba raia wa kawaida, asiye na utaalamu wowote, lazima aweze kukagua hatua zake muhimu. Uholanzi ilikwishajifunza hilo kwa njia ya kuonyeshwa. Mwaka 2006 kikundi cha wanaharakati kilichukua mashine ya aina iliyokuwa ikitumika nchini humo, kikabadilisha programu yake, na mashine ya kura ikacheza sataranji. Miaka miwili haikupita kabla nchi hiyo haijarudi kwenye karatasi.

Barani kwetu, Namibia ilikuwa ya kwanza kutumia mashine za kupigia kura katika uchaguzi wa taifa, Novemba 2014, mashine zilizonunuliwa India. Baada ya uchaguzi wa 2019 Panduleni Itula, aliyeshindwa na Hage Geingob, alikwenda Mahakama ya Juu. Februari 2020 mahakama ikasema kutumia mashine zisizo na karatasi ni kinyume cha katiba, lakini haikufuta matokeo. Hebu mfikirie Itula: ameambiwa ana haki, na hapohapo hakuna kitu cha kuhesabu upya. Namibia ikarudi kwenye karatasi, na mwaka 2024 karatasi zikaisha vituoni, upigaji kura ukaongezewa siku kadhaa. Natoa mfano huo ili tusiifanye karatasi kuwa hirizi. Inahitaji watu wanaojua kupanga.

Turudi nyumbani, kwa sababu miaka ya 2017 na 2022 inafundisha zaidi ya vitabu.

Mwaka 2017 tulikuwa na vituo 40,883 na vifaa vya KIEMS, vile vya kumtambua mpiga kura na kutuma matokeo, katika kila kimoja. Siku chache kabla ya kura, Chris Msando, meneja wa teknolojia wa tume, alitoweka, na mwili wake ukapatikana ukiwa na alama za mateso. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji yake. Naomba tulitafakari hili kama jambo la muundo wa mfumo wenyewe, mbali na siasa. Funguo za uchaguzi zinapokuwa mikononi mwa mafundi wachache wanaojulikana kwa majina, tumewabebesha hatari isiyomhusu karani wa kituo. Karani yupo pamoja na maelfu ya makarani wenzake na fomu yake imebandikwa mlangoni. Kumdhuru mmoja hakubadilishi kitu.

Usiku wa tarehe 8 Agosti namba zikaanza kumiminika kwenye skrini bila picha za fomu zilizotakiwa kuandamana nazo, na mshindi akatangazwa huku fomu nyingi za 34A, zile za matokeo ya urais za kila kituo, zikiwa bado hazijapokelewa. Upinzani ukaja na jina la viongozi waliotokana na namba hizo: vifaranga vya kompyuta. Mahakamani kilio kikawa fungua seva. Mahakama ya Juu iliamuru ufunguzi, tume haikutii ipasavyo, na majaji wakaichukulia kimya chake kuwa ushahidi dhidi yake. Tarehe 1 Septemba, kwa majaji wanne dhidi ya wawili, uchaguzi ukafutwa. Ibara ya 86 ya Katiba yetu inataka mfumo wowote wa kura uwe rahisi, sahihi, unaoweza kuthibitishwa, salama, wenye uwajibikaji na uwazi. Neno la kwanza katika orodha hiyo ni urahisi, nami sidhani liliwekwa mbele kwa bahati.

Mwaka 2022 tume ikafanya jambo moja dogo ambalo naliona kuwa bora kuliko mashine zote ilizowahi kununua. Ilichukua picha za fomu 34A kutoka vituo 46,229 na kuziweka hadharani, ili mwenye simu azione. Vijana wakakaa na karatasi na kikokotoo, vyombo vya habari vikajumlisha kivyao, na wakala wa Turkana akaweza kulinganisha fomu aliyoitia sahihi na ile iliyofika Nairobi. William Ruto alitangazwa kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga. Makamishna wanne kati ya saba walijitenga na tangazo hilo. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu ikiwa na madai mazito ya udukuzi na fomu kubadilishwa njiani. Mahakama iliamuru ukaguzi, fomu za awali zikalinganishwa na zilizo mtandaoni, tofauti ya maana haikupatikana, na tarehe 5 Septemba majaji wote wakakubaliana.

Mashine ilifanya kazi ya tarishi: ilibeba picha ya karatasi, haikubeba namba yake yenyewe. Nusu ya nchi haikuyapenda matokeo, lakini hoja ilijibiwa kwa vitu vinavyoshikika.

Mtaniambia uongo hauzuiwi na karatasi. Nakubali. Jimbo la Georgia nchini Marekani lilihesabu kwa mkono kura zake karibu milioni tano mwezi Novemba 2020, na bado wako walioamini ziliibwa. Ila maafisa wa Georgia walikuwa na jibu la kusimama nalo. Brazil, ambako hakuna karatasi ya kila kura, tume ina taarifa iliyochapwa na kila mashine kituo kinapofungwa, nayo ni msaada mkubwa, lakini haithibitishi kilichotokea ndani ya mashine. Aliyekuwa rais, Jair Bolsonaro, alizitilia shaka mashine kwa miaka bila kutoa ushahidi, na tarehe 8 Januari 2023 wafuasi wake wakavamia majengo ya serikali jijini Brasília. Mimi naamini mashine zile zilihesabu sawasawa. Ningependa tu anayeamini kinyume apelekwe mbele ya sanduku lililofunguliwa.

Kuhusu alama za vidole za kumtambua mpiga kura nitasema machache, ingawa wanaoumia ni wengi. Mkono uliokata miwa au kupasua kokoto kwa miaka 30 haukipendezi kisomaji cha kielektroniki. Mwaka 2022 vifaa viligoma katika vituo zaidi ya 200, hasa Kakamega na Makueni, na daftari la karatasi likaruhusiwa baada ya watu kusubiri kwa saa nyingi. Daftari hilo liwepo kila kituo tangu alfajiri, chini ya macho ya mawakala, lisisubiri kibali kutoka Nairobi. Na kwa ndugu zetu walio Doha, London na Toronto wanaodai kura ya mtandaoni kama ya Estonia: Estonia ilianza 2005, kila raia ana kitambulisho chenye chipu, na sheria inamruhusu kubadilisha kura yake ili aliyemlazimisha asifaidike. Mfanyakazi wa ndani huko Ghuba, ambaye simu yake iko mikononi mwa mwajiri, hana faragha ya kupiga kura mara ya kwanza, sembuse ya pili. Tuwaongezee vituo balozini kwanza.

Kenya inapiga kura tena tarehe 10 Agosti 2027. Tume ina siku saba za kutangaza rais, mlalamikaji ana siku saba za kushtaki, na mahakama ina siku 14 za kuamua. Hakuna mtaalamu duniani atakayeikagua seva nzima kwa siku 14 akatoa jibu ambalo mwalimu wa Wajir atalielewa. Sanduku la kura za kituo kimoja linahesabiwa kwa saa chache. Jimbo la Colorado nchini Marekani lilianza mwaka 2017 kukagua kila uchaguzi kwa kuchagua kura za kuhesabiwa upya kwa bahati nasibu, na namba ya kuanzia bahati nasibu hiyo hupatikana kwa kurusha dadu mbele ya umma. Hapa kwetu, kituo kikishafungwa, sanduku halifunguliwi tena ila kwa amri ya mahakama. Napendekeza Bunge libadilishe hilo kabla ya 2027: ndani ya zile siku saba, kabla ya mshindi kutangazwa, vituo vichaguliwe kwa dadu mbele ya mawakala wote na kamera zote, masanduku yake yafunguliwe na kuhesabiwa, na hesabu ilinganishwe na fomu 34A iliyoko hadharani. Tofauti ikipita kiwango kitakachowekwa na sheria, ukaguzi upanuliwe kaunti kwa kaunti. Mapendekezo ya sheria yanaweza kupelekwa bungeni kwa ombi la raia yeyote, na fomu ya ombi hilo nimeiacha pale mlangoni kwa atakayetaka kuisoma na kuitia sahihi.